Evaporation, mwaloni Kibirizi

Mpwa wangu yuko kidato cha kwanza. Jana alitafuta neno la Kiingereza kwenye simu, akaletewa maelezo ya mistari miwili. Akanigeukia: "Mjomba, na haya maelezo yenyewe maana yake nini?"

Nikakumbuka ile Januari nilipoingia kidato cha kwanza mimi mwenyewe. Miaka saba ya shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, mara jiografia, baiolojia, hesabu, vyote Kiingereza. (Sera ya Elimu ya Tanzania ya 2014 iliruhusu Kiswahili ngazi zote, lakini mpwa wangu anapita njia ileile.) Mwalimu akatupa maneno tukatafute maana, la kwanza evaporation. Kamusi ya kuazima ikasema ni kimiminika kugeuka vapour (leo najua ni mvuke). Nikafungua vapour, ikanirudisha kwenye kimiminika.

Jumamosi nikaenda na daftari Kibirizi, mwalo wa Ziwa Tanganyika kule Kigoma, mama alikoanika dagaa. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Kongo, naye anawageuza harakaharaka, jicho juu.

"Mbona umenuna?"

"Neno limenishinda, mama."

"Linafanya nini hilo neno?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia nahisi ni uvukizi, ule tuliosoma shule ya msingi. Uvukizi nao hakuujua. Akachukua dagaa wawili. Wa jana akamkunja, akakatika kah! Wa asubuhi akajipinda tu, akamwachia unyevu kidoleni.

"Huyu maji yake yameshapanda. Huyu bado anayo. Mvua ikitangulia kabla hayajapanda, tumekula hasara." Akakiinua kile kidole kwenye jua, tukakitazama wote wawili mpaka kikakauka. "Umeyaona yanakwenda wapi?"

Sikuyaona. Nikaandika palepale: The sun lifts the water. The fish stays.

Jumatatu nikapata nusu alama, na kwa kalamu nyekundu: vapour iko wapi? Nadhani mwalimu alikuwa ananitayarisha kwa mtihani wa kidato cha pili, maana kule vapour ilitakiwa, nami nikaiandika. Lakini mwenzangu wa dawati moja, aliyekuwa akianika dagaa na bibi yake tangu mdogo, aliacha nafasi wazi. Akapewa sifuri. Kukausha dagaa alikujua kuliko mimi, na pengine kuliko mwalimu, ila sijui mwalimu yule, na wanafunzi wote wale mbele yake, angekugunduaje.