Kabla ya Har-Magedoni kulikuwa na Nabothi

Jumapili, jioni

Leo tumehubiriwa tena Har-Magedoni. Moshi, majeshi, mwisho wa dunia. Baada ya chakula nimefungua ramani zilizo nyuma ya Biblia yangu, maana huwa najiuliza kwa nini vita vingi vya Biblia vimerundikwa mahali pamoja.

Ramani haifichi jibu. Bonde la Yezreeli, penye mji wa kale wa Megido ulioipa Har-Magedoni jina lake, limelala kati ya vilima vya Galilaya na vya Samaria, mlima Tabori upande mmoja, mlima Gilboa upande mwingine, mto Kishoni ukilipita kuelekea baharini. Udongo wake ni mzito na ngano inaukubali. Halafu njia kuu ya kutoka Misri kwenda Dameski ilitokeza humo, penye mwanya wa Megido. Mfalme mwenye askari wa kulisha angepapita vipi bila kupatamani?

Farao Thutmose III alipafikia katika karne ya 15 KK, akauzingira Megido miezi saba. Waandishi wake walichonga nyara kwenye kuta za Karnak: farasi, magari ya vita, na ngano iliyovunwa mashambani, magunia zaidi ya 200,000. Hapo ndipo ninapoamini kwamba lilikuwa bonde la chakula kweli.

Sisera, jemadari wa Wakanaani, naye alikuja na magari 900 ya chuma. Wimbo wa nabii Debora unasema Kishoni ndio uliowakumba. Aliyewahi kukwama kwenye udongo wa mbuga wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi.

Wengine nawapita haraka: Gideoni na watu wake 300, Sauli juu ya Gilboa, Yosia aliyeuawa na Farao Neko mwaka 609 KK. Hata nje ya Biblia haikukoma. Mwaka 1260 Wamamluki, watawala wa Misri, waliwapiga Wamongolia huko Ain Jalut, na 1918 majeshi ya jenerali Mwingereza Allenby yakapita hapo yakiwafukuza Waturuki. Kisha, bila vita, miaka ya 1920 ukoo wa Sursock wa Beirut ukauza sehemu kubwa ya bonde kwa Wazayuni. Walowezi wakakausha vinamasi vya malaria. Wakulima wengi Waarabu waliokuwa wakilima humo kama wapangaji wakalazimika kuhama.

Lakini wahubiri wetu wanapenda vita tu, na mimi usiku huu nimeganda kwenye 1 Wafalme 21. Ahabu, mfalme wa Israeli, tayari ana jumba katika mji wa Yezreeli. Anataka shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi alifanye bustani ya mboga. Mboga! Anatoa ofa nzuri, shamba bora zaidi au fedha, na Nabothi anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Mfalme mzima anajilaza kitandani, anageuza uso, hali chakula. Yezebeli anaandika barua, anapiga muhuri wa mumewe, wanatafutwa mashahidi wawili wa uongo, na wazee wa mji wanatii bila swali: Nabothi anapigwa mawe hadi kufa. Hao wazee ndio wanaonikera kuliko Yezebeli. Walimjua Nabothi.

Nabii Eliya alimkuta Ahabu shambani, ameshuka kulitwaa. Baadaye jemadari Yehu akamuua Yoramu mwana wa Ahabu, akaamuru maiti itupwe kwenye kiwanja hicho hicho. Kama mboga zilipandwa, Biblia haisemi.