Kamba ya mabua

Jumapili usiku. Viganja vinaniwasha bado, lakini sitaki kulala kabla sijaandika haya.

Mzee ninayemhudumia hapa Mayo, magharibi mwa Ayalandi (namwita Mzee tu, na ameshalizoea), leo alinitoa nje tusokote kamba ya mabua ya oti. Wenyewe huiita súgán. Alikaa kwenye kigoda na rundo la mabua miguuni, akanipa kijiti kilichopindwa mfano wa ndoana, chenye mpini wa kuzungusha. Nikakipitisha kwenye kitanzi cha kwanza, nikaanza kuzungusha huku narudi kinyumenyume. Yeye analisha mabua kidogo kidogo, vidole vinabana, vinaachia. Nikizungusha kwa pupa, kamba inajikunja. Nikilegea, inafumuka. Mpaka naugusa ukuta wa zizi kwa mgongo hatukuwa tumesemeshana neno, lakini kila alipovuta nilimsikia mkononi.

Kamba kama hizo ndizo zilizofungia mapaa ya nyasi yasichukuliwe na upepo wa bahari, na ndizo zilizowambiwa viti. Kiti chake cha jikoni ni cha aina hiyo. Mara ya kwanza kukikalia nilikumbuka kitanda cha kamba cha bibi yangu Pemba, na wanawake walivyokaa naye barazani wakisokota usumba.

Mwezi jana nilikwenda Turlough, karibu na Castlebar, kwenye makumbusho ya maisha ya mashambani yaliyofunguliwa 2001. Matenga yao yalinishika sana. Tenga la mgongoni husukwa kichwa chini: fito huchomekwa ardhini, mdomo ukatangulia, kitako kikawa cha mwisho. Ya punda mengine kitako chake hufunguka, samadi ikamwagika palepale shambani. Vitu vizuri, vimetunzwa kwa heshima. Nilichokikosa kule ni yule mtu wa pili, wa kushika upande wa pili wa kamba.

Jioni, tukinywa chai, Mzee akanisimulia siagi ya mama yake. Pipa jembamba la mbao, na mchi mrefu wa kupandisha na kushusha. Anayeingia wakati maziwa yanasukwa, awe jirani au mpita njia, lazima aushike mchi apige mara chache, asije akaondoka na baraka ya siagi. Hakuna aliyekaa pembeni akatazama.

Nikamwambia kwetu neno ni moja: tunasuka mkeka, tunasuka tenga, tunasuka maziwa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nilirudie. "Suka," akasema polepole, akilijaribu.

Kamba yetu ina vifundo vitatu. Ameitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kile kiti cha jikoni kimekatika nyuzi mbili za mbele, na kesho, mvua ikinyesha au isinyeshe, atanionyesha zinavyopitishwa.