Ndiyo, Napanda Miti

Jumapili jioni tulikuwa barazani Ngamiani, hapa Tanga, kahawa na kashata, watu wa nyumbani watupu. Mazungumzo yakanifikia mimi, kama yanavyonifikia kila nikija likizo, na shemeji yangu mmoja akauliza kwa sauti ya kusikika hadi njiani: "Kwa hiyo shem, miaka 9 yote Uingereza, kumbe kazi yenyewe ukwezi?" Baraza zima likacheka. Mama alikuwa ndani, mlango wazi, akasikia. Nilinyamaza kwa heshima yake, nikamaliza kikombe changu, nikaaga. Lakini neno lile nimelala nalo siku 3 sasa, na leo nalijibu.

Ndiyo, napanda miti. Ninafanya kazi karibu na Bristol, napanda mialoni ya mita 20 na zaidi, nakata matawi yaliyokufa, nayapunguza yanayolalia mapaa, na mti ulioshindikana naushusha kipande kwa kipande kuanzia kileleni bila kuvunja hata kigae kimoja cha nyumba ya mtu. Kazi hiyo ndiyo iliyopaua nyumba ya mama Chumbageni. Ndiyo iliyolipa ada za watoto wawili waliokuwa wamekaa palepale barazani wakicheka na wengine.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba "mkwezi" limekuwa tusi. Nani Tanga hii hajala wali wa nazi? Nazi ile iliangushwa na nani?

Mwaka huu begi langu la pili lilijaa kamba. Najua waliotarajia viatu na simu walinuna, na nililipa uzito wa ziada uwanja wa ndege kwa pesa ambayo ningeweza kuwanunulia. Lakini wakati wa masika mama alinitumia picha: tawi la mwembe wetu, nene kama kiuno cha mtu mzima, limelala juu ya bati la chumba chake. Vijana waliokuja kutazama walitaka kuuangusha mwembe wote kwa shoka. Mwembe aliopanda baba! Nikasema ngojeni, nakuja.

Msumeno wa mnyororo niliuacha kule, maana mashine iliyokwisha kutiwa mafuta ndege haziipokei. Nilibeba mkanda wa kupandia, kamba ya mita 45, karabina (pete ya chuma inayofunguka na kujifunga), kapi, kamba fupi ya kiunoni yenye waya wa chuma ndani, na msumeno wa mkono wa Kijapani, Silky, wenye meno yanayokata ukivuta. Wapwa zangu walivitandaza ukumbini wakaniuliza bei. Sikuwaambia yote. Mkanda ule peke yake unakaribia milioni ya hapa, na suruali niliyoiacha kule haiko mbali na hapo.

Suruali hiyo nieleze, kwa sababu ndiyo watu wanadhani ni anasa. Ndani yake mna tabaka za nyuzi ndefu laini. Mnyororo wa msumeno ukigusa kitambaa, unazichomoa nyuzi hizo, zinajisokota kwenye gurudumu linalouzungusha, na mashine inakwama kabla haijafika kwenye nyama. Anayekata chini anaruhusiwa kuvaa yenye kinga mbele tu. Sisi wa juu tunavaa ya kuzunguka mguu mzima, kwa sababu ukiwa unaning'inia, mguu wako unaweza kuwa upande wowote wa msumeno. Mwezi Julai, kiangazi cha kule, ndani ya suruali ile unaiva. Hakuna anayeivua.

Halafu kuna ukaguzi. Sheria yao ya mwaka 1998 inataka vifaa vinavyombeba mtu vikaguliwe kila miezi 6 na mwenye ujuzi. Mwaka wangu wa kwanza wa kupanda, mkaguzi aliketi kwenye kiti, akaipitisha kamba yangu yote vidoleni, shubiri kwa shubiri, macho ameyafumba. Akafika kwenye kamba yangu fupi ya kiunoni ya wakati ule, isiyo na waya ndani, akasimama. Msumeno wa mkono ulikuwa umeikwangua siku moja nikaona si kitu, nyuzi 5 au 6 zimesimama kama manyoya. Hakusema neno. Alichukua kisu akaikata vipande viwili mbele yangu, akanirudishia. Nilikasirika mpaka machozi, maana nilikuwa nimeinunua kwa mshahara wangu mwenyewe na mwezi ulikuwa katikati. Leo namshukuru mtu yule kila nikijifunga.

Mimi ni mtoto wa kamba. Baba alifanya kazi korona, kiwanda cha kutoa nyuzi za mkonge, mikono yake ilinuka mkonge hadi anakufa. Mkonge wenyewe ulifika pwani hii mwaka 1893 mikononi mwa Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche 1,000 iliyotoka Florida ikabaki 62 hai. Kutokana na hiyo michache, mkoa mzima ukala. Kwa hiyo simdharau mtu anayepanda kwa kamba ya katani. Ila najua inavyooza kwa ndani ilhali nje inang'aa, na najua jirani yetu wa Pangani, kitanzi chake kilikatika juu ya mnazi nikiwa darasa la 4, na hakusimama tena kwa miguu yake.

Sasa nyie vijana mnaoniandikia kila wiki "kaka nipeleke." Nisikilizeni vizuri. Mimi nilikwenda kwa visa ya mwenza, sikwenda kwa kazi hii. Mtu akikudai mamilioni akuletee kibali cha kupanda miti Ulaya, kimbia. Na hata ukifika kihalali, hupandi siku ya kwanza. Mimi miaka 2 nilikuwa wa chini: naburuta matawi kwenye mashine ya kuyasaga, mvua inanyesha, vidole havina hisia, Desemba saa 10 jioni giza linaingia na kazi haijaisha. Mashine ile usiisogelee na kitu kinachoning'inia mwilini, na usisukume tawi kwa mguu. Ikishika ncha ya kamba ya mwenzako aliye juu, inammeza yeye huko aliko kabla hujageuka. Nilifundishwa hilo kwa kelele, na nawapa kwa kelele.

Vyeti ni vingi na kila kimoja kina ada yake: cha kutunza msumeno, cha kuangusha mti mdogo, cha kupanda na kumwokoa mwenzako, cha kutumia msumeno ukiwa kwenye kamba. Leseni ya Tanzania unaendeshea miezi 12 tangu uhamie, baada ya hapo unafanya mtihani wao, na katika kazi hii asiyeweza kuendesha gari lenye tela hana thamani sana. Jifunzeni gia za mkono huko huko nyumbani.

Na jifunzeni tupa. Watu wanapiga picha na msumeno, hawajui kunoa. Mnyororo wa msumeno wangu mdogo unataka tupa ya duara ya milimita 4, unasukuma kwenda mbele tu, idadi ileile ya misukumo kila jino, la sivyo msumeno unakata upinde. Tazama kinachotoka: ukitoa vipande vya mbao, uko sawa, ukianza kutoa unga, zima. Mnyororo butu unakufanya usukume, na anayesukuma msumeno akiwa juu anatafuta msiba. Mimi nanoa wakati wenzangu wanakunywa chai.

Usidhani pia kwamba kila mti unapandika. Kuna mti wanaouita ash, kuvu anayeuua aligunduliwa kule mwaka 2012, na leo naukuta kila kona umekufa umesimama. Ukiwa mkavu vile tawi linavunjika kama biskuti bila kukuonya. Tunaukata kutoka kwenye gari lenye kikapu cha kunyanyua, na bosi asiye na gari hilo akikwambia "panda tu", unakataa. Kukataa nako nilijifunza kule. Hapa nyumbani mkwezi akikataa, anaitwa mwingine.

Turudi Chumbageni. Jumanne asubuhi nilijifunga. Kule hatupandi kama chini hakuna mtu wa pili anayeweza kupanda kukushusha ukiumia. Hapa nani? Wapwa zangu wana nguvu, lakini kupanda hawajui. Mama akamwita mzee mmoja wa Mwambani anayemkwelea minazi yake miaka yote. Alifika na mundu wake, nikamwamkia, nikamweleza. Akautazama mwembe, akanitazama. "Ukinasa huko, mwanangu, nitakufuata." Basi nikawa na mtu wa pili, tena bora kuliko wengine niliofanya nao kazi.

Nilirusha kifuko kizito cha madini ya risasi chenye uzi mwembamba, mara ya 4 kikapita kwenye panda niliyoitaka, nikavutia kamba kubwa, tukaning'inia watu wawili kuijaribu. Juu nikapokewa na maji moto. Wale sisimizi wekundu walikuwa wameshona majani kila tawi, wakaingia shingoni, masikioni, chini ya kofia. Bristol hakuna kitu hicho! Utomvu nao ukanichoma mkono wa kushoto, alama ninayo mpaka sasa, na kamba imefanya nta nyeusi ambayo sijui mkaguzi ataitazamaje.

Tawi la juu ya bati sikulikata kwa pigo moja. Vijana hukata juu tu, tawi linaanguka likiwa bado limeshika, linachuna gome la shina hadi chini, na mti unaozea hapo. Unaanza kwa kulikata kidogo kwa chini, mbali na shina. Kisha juu, mbele kidogo ya hapo, nalo linakatika safi. Mwisho unaondoa kisiki kilichobaki, ukiacha ule mvimbe ulio pale tawi linapoanzia, kwa sababu mti hufunga kidonda chake kutokea kwenye mvimbe huo. Msumeno huulazi kwenye shina, na kidonda hukipaki rangi. Kila kipande nilikifunga kwanza, kamba ikapita kwenye kapi juu yangu na kuzunguka shina mara 3 kule chini, na mpwa wangu mwembamba wa miaka 17 akawa anateremsha kipande kizito kumshinda yeye, polepole, kama anashusha ndoo kisimani. Bati halikuguswa. Tawi lililo karibu na waya wa umeme nililiacha. Mti mbichi unapitisha umeme, na lile linangoja mpaka umeme ukatwe.

Nilipofika chini watu walikuwa wamejaa uani. Wengi waliuliza bei za vifaa. Yule mzee hakuuliza bei. Alichukua karabina, akaifungua na kuifunga, ukasikika mlio wake, akaifungua tena. Akaishika kamba kama yule mkaguzi, kwa vidole, pole pole. Halafu akaniuliza: "Hii ikikatika, ya pili iko wapi?"

Katika watu wote wa Tanga niliowahi kuwasimulia kazi yangu, huyo ndiye wa kwanza kuuliza swali hilo, na ndilo la kwanza wanalokuuliza kwenye mtihani. Nilimwonyesha kamba ya kiunoni: unapokata kwa msumeno uko kwenye viwili daima, kikikatika kimoja kingine kimekubeba. Akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema amepanda minazi miaka 40 kwenye kimoja, na hicho kimoja ni mikono yake.

Jioni ile tulikwenda Mwambani kujaribu kwenye mnazi. Si rahisi kama nilivyodhani. Mnazi hauna panda ya kupitishia kamba, na kuti halibebi mtu, linachomoka. Vyuma vyenye ncha tunavyovaa miguuni kule ni vya mti unaoangushwa tu, maana vinatoboa, na mnazi hauzibi tundu. Ikabaki kuzungushia shina kamba fupi mbili, unasogeza moja, unaegemea nyingine, huku unakanyaga zile ngazi zilizochongwa na wakwezi waliotangulia. Mzee alipanda hadi kwenye makuti, akakaa ndani ya mkanda, mikono yote miwili akaiachia. Nilisikia anacheka huko juu.

Aliposhuka akanena jambo ambalo sina jibu lake. "Analipwa mtu kwa mnazi, mwanangu. Kwa hivi nitapanda nusu ya minazi ninayopanda. Nusu nyingine nani atanilipa?" Nimelifikiria hilo usiku kucha. Nadhani tatizo moja ni waya ulio ndani ya kamba yangu: mzito, na unagoma kusogea pale shina linapojikunja. Kamba laini ya nailoni, fupi zaidi, ingesogea kwa mkono mmoja.

Mkanda namwachia, nimeshaamua, nitanunua mwingine nikirudi. Leo nimetafuta nailoni nzuri kwa wauza vifaa vya mashua, nikapata ya milimita 12, nimeishonea macho, yaani vitanzi vya ncha, mwenyewe. Kesho saa 12 asubuhi, kabla jua halijakali, tunarudi Mwambani tukaijaribu karibu na chini kwanza, mita 2, mpaka sote wawili turidhike.