Nimerudi Kijijini: Vyeti Vimeongezeka, Maswali Yamepungua

Sisi tulioondoka wakati mwenyekiti wa kijiji akiogopwa kuliko mkuu wa wilaya tuliamini kwamba dawa ya ubabe ule ni shule. Tulijiambia kwamba watoto wakifika kidato cha nne, hasa baada ya ada kufutwa mwaka 2016, hakuna mtendaji atakayethubutu kuficha taarifa ya mapato na matumizi. Nimerudi Tanzania, shule ya kata ipo, vijana wenye vyeti wapo tele, na Mkutano Mkuu wa Kijiji umeachiwa wazee.

Kilichonishtua kuliko yote ni karatasi ya mahudhurio. Ilipitishwa mkono kwa mkono kabla ya ajenda kusomwa, ikiwa na mistari ya majina na sahihi tu, bila kichwa wala tarehe. Vijana wachache waliokuwapo, mmoja wao mhitimu wa chuo, walitia sahihi huku macho yakiwa kwenye simu. Ilipomfikia mzee mmoja aliyejifunza kusoma katika madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970, na ambaye sasa uoni umempungua hata hutia dole gumba, aliishikilia magotini. "Mheshimiwa Mwenyekiti, tusomewe kwanza muhtasari wa mkutano uliopita, tuingie kwenye yatokanayo, ndipo nitie dole." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, mpaka nilipoona kwamba mwenyekiti hacheki.

Karatasi isiyo na kichwa inaweza kubanwa nyuma ya muhtasari wowote, hata ule unaodai kwamba wanakijiji wameridhia shamba la malisho apewe mtu ambaye hawajapata kumwona. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikataza Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Kwa hiyo anayetaka kuonyesha kwamba idhini ilipatikana atahitaji orodha ya waliohudhuria. Mzee alilijua hilo. Mhitimu wetu, nilipomuuliza baadaye, alinieleza kwa kujiamini kabisa kwamba ardhi ya kijiji iko mikononi mwa mwenyekiti, na sahihi ni utaratibu tu. Sekondari alifundishwa uraia kwa Kiingereza, akafaulu, na mihimili mitatu ya dola anaitaja bila kusita. Kwamba yeye, akiwa mkazi aliyetimiza miaka 18, ni mjumbe wa chombo kikuu cha kijiji chake, hakuna mtihani uliowahi kumuuliza.

Sitamani zama zile zirudi, maana wengine walihudhuria mikutano kwa kumhofia mgambo, na Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, haikumwomba mtu ridhaa. Hata hivyo, kisomo cha watu wazima kilimfundisha mtu herufi pamoja na mambo ya kijiji chake, naye akazoea kutumia alichokisoma palepale. Vijana wa leo hubishana kwenye kundi la WhatsApp hadi usiku wa manane kuhusu fedha za zahanati, na asubuhi hakuna anayenyoosha mkono.

Wewe unayepanga kurudi, usije na hotuba. Dai muhtasari usomwe, dai mkutano uitishwe kila miezi mitatu kama sheria inavyotaka, na usitie sahihi kabla ya kuona tarehe. Jiandae pia kuulizwa nilichoulizwa mimi niliposimama kuomba taarifa ya fedha, kwamba nasema kama mkazi au kama mgeni, kwa sababu mjumbe wa Mkutano Mkuu ni mtu anayeishi kijijini, na miaka yote niliyotuma michango ya madawati haikunihesabia hata siku moja ya ukazi. Aliyeuliza alikuwa yuleyule mhitimu, na safari hiyo alikuwa ameisoma sheria.