Siku ya kuchagua kabureta ya Datsun

Jana asubuhi mwanangu kaniuliza, "Baba, mbona hatuondoki?" Tumeshapanda kwenye Datsun, injini inazunguka juu kidogo, nasubiri choki, kile kilango kinachozidisha petroli injini ikiwa baridi, ijirudishe. Nikamwambia iache ipate moto kwanza. Akaniuliza mbona gari ya mama haisubiri. Nikaanza kumweleza habari za kabureta, kile kifaa cha gari za zamani kinachochanganya hewa na petroli, nikaona anaangalia dirishani, nikanyamaza, lakini kichwani nilishafika mbali, niko kwenye benchi la Mzee, fundi wangu, na mikono inanuka petroli.

Datsun yangu hii, ni 510, ilikuwa inanitesa. Injini L16 nzima kabisa, kompresheni safi, lakini sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga eksileta, inapanda inashuka yenyewe, ukisimama kwenye taa inazima, ukiondoka inakohoa, na kila aliyeinama kwenye bonneti alikuwa na lake, huyu plagi, yule koili, mwingine distribyuta, ile inayogawa cheche kwenye plagi. Mzee hakushika hata spana. Aliiacha inaunguruma, akashika kwa vidole viwili ile shafti inayobeba vilango vya hewa pale chini ya kabureta, akaitikisa juu chini. Sauti ya injini ikabadilika. Akaachia, ikarudi. Akatikisa tena, ikabadilika tena.

"Umesikia? Hapo inavuta hewa ya wizi."

Ile Hitachi, kabureta iliyokuja na gari, ilishachoka, shafti imekula tundu lake kwa miaka yote ya kukanyaga na kuachia, na hewa inayopenya pale haipiti kwenye kipimo chochote, kwa hiyo ukirekebisha mchanganyiko leo, kesho umehama. Sasa ikabaki swali, niweke kabureta gani?

Washkaji wote walikuwa upande mmoja: funga Weber 40 DCOE mbili, zile za kulala ubavuni, kila silinda inapata koo lake. Na mimi nilizitaka kweli, yule asiyependa ule mlio wakati injini inavuta hewa sijui anapenda nini kwenye gari za zamani. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaomba kalamu, akaanza kuandika kwenye boksi la gasketi. Injini ni cc 1595, tuseme lita moja na pointi sita. Ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda inajaa hewa mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta kama lita 4,800, na hiyo ni kama silinda zinajaa kabisa, kitu ambacho injini ya barabarani haifanyi, toa hapo, utabaki na kama 4,000. Akaweka kalamu chini.

"Haya mwanangu, huko 6,000 wewe unafika lini?"

Sikuwa na jibu. Mimi gari yangu ni ya kwenda kazini, foleni, sokoni, na safari ndefu moja moja. Muda mwingi injini iko kwenye 2,500 na mguu umegusa tu.

Akanieleza kitu ambacho mpaka leo nikisikia mtu anataka kabureta kubwa "ili iwe na nguvu" nakirudia. Kabureta haisukumi mafuta kwenye injini. Hewa ikipita kwa kasi kwenye ile sehemu nyembamba ya koo presha inashuka, na hiyo presha iliyoshuka ndiyo inayonyonya mafuta kupitia jeti, kitundu kinachopima mafuta. Koo likiwa pana kuliko pumzi ya injini hewa inapita kivivu, mvuto unakuwa dhaifu, mafuta yanatoka matone badala ya ukungu, na wewe ukikanyaga gari inasita kwanza ndio iende. DCOE sizipondi hata kidogo, zinabadilishwa koo la ndani likawa dogo, na zikipata mtu anayezijua zinatembea mjini vizuri tu, ila zinataka manifodi yake, yale mabomba ya kupeleka mchanganyiko kwenye silinda, na kusawazishwa zote mbili zivute sawa, halafu nyingi hazina tundu la kuchukulia vakyumu ya distribyuta, ule mvuto wa hewa unaowahisha cheche, na ile vakyumu kwa gari ya kila siku ndiyo inayookoa mafuta.

Kisha akafungua droo akatoa Weber 32/36, aina ile ile ambayo Ford walikuwa wanafunga kwenye Cortina na Capri za cc 2000, akaniwekea mkononi. Nzito kuliko nilivyodhani. Akasema iinue kwenye mwanga uchungulie, halafu sukuma mkono wa eksileta taratibu. Nikasukuma. Kilango cha milimita 32 kikaanza kugeuka, mwanga ukaingia pembeni mwembamba kama mwezi mchanga, ukapanuka, na kile cha 36 bado kimefunga kabisa. Nikaendelea. Kwenye karibu theluthi mbili nikasikia kidoleni kitu kimeshika, kimekuwa kizito kidogo, na cha pili nacho kikaanza kufunguka, tena haraka, mpaka mwisho wa mkono vyote viwili vikawa wazi pamoja. Nikaachia, tap! Nikarudia. Nilirudia mpaka Mzee akacheka.

"Hiki kidogo ndicho utakachoishi nacho. Hiki kikubwa ni cha siku unapita lori."

Akatia petroli kidogo kwenye bakuli la kabureta, akaniambia sukuma tena. Mkono ulipojongea tu, uzi mwembamba wa petroli ukaruka ndani ya koo la kwanza, papo hapo, bila kusubiri. Ile pampu ndogo ndiyo inayoziba pengo wakati hewa imeshakimbia na mafuta bado hayajafika. Pale nilishaamua.

Kufunga ilienda haraka. Adapta na gasketi, presha ya petroli ikashushwa mpaka kama psi 3 kwa sababu Weber ikipewa zaidi sindano inayozuia petroli kuingia kwenye bakuli inashindwa kufunga na mafuta yanafurika, waya wa choki ukachukuliwa sehemu inayopata moto ukiwasha swichi lakini sio kwenye koili, tukaweka udongo laini juu ya kava la filta na kufunga bonneti kuona kama inagusa kava. Sailensa ikatulia skrubu ya mwendo wa sailensa ikiwa haijaingizwa zaidi ya mzunguko mmoja na nusu, na Mzee alisema hapo jeti ya sailensa haina shida. Nikatoka barabarani, taa ikawa kijani, nikagusa eksileta, gari ikaenda, haikukohoa wala kusita.

Kinachonisumbua ni hiki. Hitachi ya zamani ninayo, na Mzee siku ile ile alisema haina ubaya, ni shafti tu. Ilitengenezwa kwa injini hiyo hiyo, kuna wenye 510 wanaendesha nayo mpaka leo na zinatulia, na gari ya zamani yenye kabureta yake ina kitu ambacho siwezi kukibishia. Bushi, vile vipete vya kuziba tundu la shafti lililolika, nimeshazipata, kuna fundi wa lathe, mashine ya kuchongea chuma, anaweza kuzitia. Nitaifunga, nipite nayo njia zile zile ninazopita na Weber. Ipi itabaki, kwa kweli sijui.