Iodini iingie mwisho: nilivyofupisha utengenezaji wa hapteni ya NIP yenye mionzi

NIP na NP ni hapteni, yaani molekuli ndogo zinazoshikwa na kingamwili; zinatofautiana kwa atomu moja tu ya iodini (NIP inayo, NP haina), jirani na hidroksili. Basi sioni haja ya kuanza na iodini-125, ile yenye mionzi, na kuibeba mionzi hatua zote hadi kuunganisha mkia wa asidi aminokaproiki. Mkia naufunga kwanza, pasipo mionzi.

NP-OSu, yaani NP yenye kichwa tendaji kinachoungana na amini ya mkia, inauzwa tayari. Nayeyusha miligramu 29 katika nusu mililita ya dimethilifomamidi, naidondoshea kwenye miligramu 26 za asidi aminokaproiki ndani ya mililita 1 ya bikabonati, pH 8.5. Asidi hiyo kwa hesabu ya moli ni maradufu ya NP-OSu, kwa makusudi: ikipungua, maji huivunja NP-OSu ikabaki asidi tupu ya NP, ambayo nayo hupokea iodini na kushikwa na kingamwili. Baada ya saa 2 nashusha pH hadi 2 na kuvuta NP-cap (NP yenye mkia) kwa ethili asetati. Asidi aminokaproiki iliyozidi hubaki majini.

Siku ya mionzi kazi ni ya dakika chache. Nanomoli 10 za NP-cap, mikrolita 50 za bafa ya fosfati (0.5 M, pH 7.5), megabekereli 37 za iodidi (iodini-125 katika umbo la chumvi), kisha mikrogramu 10 za kloramini-T, inayoiamsha iodidi iingie kwenye NP-cap. Bafa iwe nzito, kwa kuwa iodidi huja ndani ya magadi makali. Baada ya dakika 2 nazima kwa mikrogramu 40 za metabisulfiti. Usitie asidi kabla ya kuzima: iodini itapaa hewani na kuishia kwenye tezi ya shingo yako, hata kama kabati la kufyonza hewa linafanya kazi.

Utata uko kwenye kutenganisha. Megabekereli 37 hazifikii nusu nanomoli, kwa hiyo NP-cap karibu yote inabaki bila iodini na itagombania kingamwili. (Kwa seramu ya panya wa ukoo wa C57BL/6 hasara ni ndogo, maana kingamwili zao hupenda NIP kuliko NP.) Natumia safu ndogo ya C18 (chembe zenye minyororo ya kaboni 18, zinazoshika vitu visivyopenda maji): maji yenye asidi kidogo huondoa iodidi, kisha naongeza ethanoli polepole, NP-cap hutoka kwanza. Njia hiyo naijaribu kwanza kwa hapteni zisizo na mionzi. Tone la amonia huzigeuza manjano, zikaonekana kwa macho.

Hapteni hiyo naitumia kupima kingamwili za seramu kwa njia ya Farr: amonia salfeti iliyoyeyushwa hadi kikomo, ujazo sawa na mchanganyiko, huangusha kingamwili na kuiacha hapteni huru juu. Seramu ya kawaida, isiyo na kingamwili ya NIP, ikionyesha mionzi mingi, osha mashapo kwa salfeti ya nusu ya ukolezi huo kabla ya kulaumu hapteni.