Mkao wa mbwa, kwa kipimo changu

Nina miaka 46, na zaidi ya 20 kati ya hiyo nimeipitisha nikiinamia cherehani. Mgongo ulipofikia kuninyima usingizi, jirani yangu alinishawishi tufanye yoga pamoja alfajiri, kabla sijafungua kibanda. Mikao mingi niliimudu. Ule wa mbwa ulinishinda.

Kwa Kisanskriti unaitwa adho mukha shvanasana: adho ni chini, mukha ni uso, shvana ni mbwa. Viganja na nyayo chini, makalio juu, mwili unakuwa kama paa la nyumba. Mwalimu niliyeanza kwake alitaka magoti yanyooke na visigino viguse sakafu. Nikatii. Mgongo ukapinda, uzito wote ukaangukia vifundo vya mikono, na jioni hata mkasi sikuweza kuushika.

Baadaye nikaja kuelewa sababu. Misuli ya nyuma ya paja huanzia kwenye mifupa tunayokalia na kushikana na mguu chini ya goti. Ikiwa imekaza, kama yangu mimi ninayeshinda kitini, goti likinyooka inaivuta nyonga, na mgongo wa chini unajikunja. Goti likikunjwa, inalegea. Basi nikakunja magoti, tena sana, nikaacha visigino hewani, nikasukuma makalio juu na nyuma. Mgongo ukanyooka palepale! Machozi yalinilengalenga.

Vifundo viliendelea kuuma, ndipo nikahamia kwenye meza ya kukatia vitambaa, ambayo inanifika kiunoni. Naweka viganja juu yake, narudi nyuma hadi nyayo ziwe chini ya nyonga, kisha nainama mpaka kichwa kiwe katikati ya mikono. Jirani akaniuliza, "Mama, hiyo nayo ni yoga?" Nikamweleza habari za B.K.S. Iyengar, mwalimu wa yoga wa Pune, India, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 95. Yeye aliwafundisha wanafunzi wake kutumia viti, mikanda, kamba na vipande vya mbao ili mkao umfikie kila mtu. Meza yangu haina kosa.

Sasa nafanya pumzi tano mezani kila nikimaliza nguo moja. Sakafuni ni mara moja tu, alfajiri, magoti yakiwa yamekunjwa. Kisigino cha kushoto bado kiko vidole viwili juu ya mkeka, nami sikilazimishi.